Gari au Goti

Jumapili, 7 Februari

Zulia limekwisha! Wiki tatu nzima Mzee amekuwa akijifungia chumba cha cherehani baada ya chai, akinikataza hata kuchungulia. Leo ametoka nalo kwapani, uso umemkunjuka kama mtu aliyeshinda kesi. Ni zulia la kutandika chini ya miguu ya dereva. Tabaka tatu: kitambaa kizito cha makochi juu, sponji katikati, turubai chini. Mishono imepinda hapa na pale. Nani anajali? Tangu kiharusi cha mwaka jana hajashona hata kifungo. Hili amelishona kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukikandamiza tu kitambaa kama jiwe lililowekwa juu ya karatasi. Vipande alivikata kwa wembe. Mkasi wake mkubwa haumtii tena.

"Kisigino kitulie, Mwalimu," ameniambia. "Goti litapumzika."

Goti langu la kushoto limekuwa likilalamika tangu mvua zianze. Nilidhani hajui. Kumbe anaona.

Nimelitandika papo hapo. Limeenea pembe zote nne. Fundi nguo ni fundi nguo.

Jumanne, 9 Februari

Hospitali, mazoezi ya mkono. Jumanne na Ijumaa ndizo safari zetu. Yeye hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Kazi yake kwa miaka arobaini ni kukaa pembeni na kuniambia nipunguze mwendo.

Kutoka langoni gia ya kwanza imekwaruza. Krrr! Kama mtu asagaye meno usingizini. Mzee kanitazama. Nikamwambia gari limezeeka. Akasema: na sisi je?

Ijumaa, 12 Februari

Imekwaruza tena, mara tatu. Gia ya kurudi nyuma imegoma kabisa. Nikazima injini, nikaitia, nikawasha — gari likaruka kama mbuzi aliyechapwa. Mzee kashika dashibodi kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, 19 Februari

Niandike kabla ya kulala.

Mteremko wa hospitali, tukiwa tunaupanda, taa nyekundu. Nimekanyaga klachi mpaka mwisho, gia ya kwanza imo — na gari linasukuma mbele lenyewe, linataka kwenda! Nikabana breki. Likazima. Nikawasha. Nikaitafuta gia, krrr, ikakataa. Taa ya kijani, honi nyuma, nikaachia breki mapema kuliko ilivyonipasa. Tukarudi nyuma. Hendibreki ndiyo iliyotuokoa. Kati yetu na gari la mikate ilibaki shibiri moja.

Dereva wa mikate akashuka akiwa na matusi mdomoni. Akaona mvi. Akayameza. Akasema kwa upole kabisa: pole, bibi, lakini nani aliyekupa ufunguo?

Afadhali angetukana.

Jumapili, 21 Februari

Mkubwa, binti yetu wa kwanza, kaja. Mzee amemsimulia yote kwa simu, maana siri kwake haikai hata usiku mmoja. Kabla ya kukaa, ameanza.

"Mama, gari halina kosa. Mguu ndio umechoka."

"Umeupima?"

"Mama, usinifanye mwanafunzi wako leo. Nusura mgonge mtu, na Baba humo ndani na mkono wake mmoja."

Nikamvutia kiti. Mwanangu hana ubaya. Anaogopa, na hofu yake ina haki.

Tumekubaliana hivi. Jumapili ijayo saa nne asubuhi anakuja, anakaa pembeni yangu, tunaupanda mteremko wa hospitali mara tatu. Gia ikikwaruza, au gari likirudi nyuma hata hatua moja, nampa ufunguo, na yeye atatutafutia dereva. Nikasema sawa. Nimewatahini watoto wa watu fizikia kwa miaka thelathini na minne. Siwezi kuukimbia mtihani wangu. Na ni gari lile lile nililomfundishia yeye! Alilia kwenye mteremko ule ule. Sikumkumbusha. (Karibu nimkumbushe.)

Hapa naweza kusema ukweli. Huenda ni mguu kweli. Alipoondoka nimepanda na kushuka ngazi za nyuma mara tano. Mara ya nne goti likalia. Dereva wa kukodiwa atatufikisha hospitali, sikatai. Lakini hatasimama njiani kwa sababu Mzee ameona koti lililokatwa vizuri na anataka kulitazama mpaka mwenyewe apotee.

Jumatatu, 22 Februari

Kwa Fundi Kimya. Wenzake wa gereji walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Mwanafunzi wangu wa zamani, alama zake sizitaji.

"Shikamoo Mwalimu! Hilo ni giaboksi. Tunashusha leo, kesho kutwa unachukua."

"Marahaba. Umesikiliza kwa muda gani?"

"Nimesikia wakati unaingia."

Nikamwambia tabibu hapasui tumbo kabla ya kuuliza panauma wapi. Tukazima injini. Nikatia gia zote, moja baada ya nyingine, na ya kurudi nyuma. Zote zikaingia kimya. Basi meno ya giaboksi hayana ugomvi. Tukawasha injini, klachi chini, gia ya kwanza — krrr. Maana yake kuna kitu kinaendelea kuizungusha giaboksi wakati kinapaswa kuiachia.

Nikampanulia viganja. Klachi ni viganja viwili vilivyobanana, kimoja cha injini, kimoja cha magurudumu. Mguu ukiwa juu, vinashikana na kuzunguka pamoja. Ukikanyaga, waya unavuta, viganja vinaachana, ndipo gia inapita kwa amani. Visipoachana sawasawa, unalazimisha gia iingie kwenye kitu kinachozunguka. Itapiga kelele, hata wewe ungepiga.

"Mwalimu, ungenieleza hivyo wakati ule ningefaulu."

"Nilikueleza hivyo hivyo. Ulikuwa unaongea."

Wenzake wakacheka mpaka spana zikaanguka.

Basi akasema waya wa klachi umelegea kwa uzee. Kabla ya kuingia kwenye kiti cha dereva kujaribu pedali akavua viatu, asije akachafua zulia. "Zulia la kifalme hili!" Nikamwambia kalishona nani. Akalipapasa kwa heshima. Kisha akafungua boneti, akakaza nati ya waya, mzunguko mmoja, wa pili, wa tano, mpaka gia ikaingia bila kelele.

Nimerudi nyumbani naimba! Siyo mguu. Ni waya.

Jumanne, 23 Februari

Nimeimba mapema.

Gia zinaingia vizuri, hilo sawa. Lakini kwenye mteremko nimekanyaga mafuta, injini ikanguruma kama simba, na gari likapanda kama konokono. Kelele nyingi, mwendo hakuna. Kisha harufu. Mzee kainua pua: "Mwalimu, nani kasahau pasi juu ya nguo?"

Ndiyo, harufu hiyo hiyo. Klachi inateleza, inaungua.

Mkubwa kapiga simu jioni. Baba yake keshamwambia habari za pasi. Akasema: Mama, si lazima tusubiri Jumapili. Nikasema: tutasubiri Jumapili.

Jumatano, 24 Februari

Kaa chini ufikiri, mama. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa watu.

Kuna klachi isiyoachia na kuna klachi isiyoshika. Ya kwanza inakwaruza gia, ya pili inateleza. Jumatatu asubuhi nilikuwa na ya kwanza, Jumanne nina ya pili. Kifaa kimoja hakibadilishi ugonjwa siku moja bila mtu kukigusa. Nani alikigusa? Fundi Kimya.

Nimefanya jaribio uani. Mahali tambarare, hendibreki juu, gia ya nne, injini inawaka, achia klachi taratibu. Klachi nzima huizima injini pale pale. Yangu imesuasua, ikakohoa, ndipo ikazima. Inateleza kweli.

Kisha nikaigusa pedali kwa kidole. Pedali ya klachi lazima iwe na mchezo, yaani nafasi ndogo ya kushuka bure kabla haijaanza kuvuta waya. Yangu haina hata kidogo. Kwa hiyo waya umekazwa kupita kiasi, unavuta muda wote hata mguu wangu ukiwa nyumbani, na viganja havibanani vizuri.

Nikampigia Kimya.

"Mwalimu, nilikaza mpaka ikakubali."

"Kama ulivyokuwa ukibadilisha namba mpaka jibu lifanane na la mwenzako."

"Unakumbuka?!"

Kaja mwenyewe, muungwana, hata chai hakuitaka. Akalegeza nati mpaka mchezo ukawa wa vidole viwili, kama inavyotakiwa. Jaribio la gia ya nne: injini imezima papo hapo. Klachi nzima! Sahani, yaani kile kiganja chenyewe, haijaisha! Nikamshukuru Mungu.

Kisha nikatia gia ya kwanza. Krrr.

Tumerudi tulikoanza. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza.

Alipoondoka nimechukua karatasi. Waya uko sawa, hata yeye kaukagua mwanzo hadi mwisho, haujachanika. Sahani iko sawa. Giaboksi iko sawa. Kimebaki nini? Mwendo unaoingia kwenye waya. Na huo mwendo unatoka wapi? Kwenye mguu.

Nimeandika: mguu hautoi mwendo wa kutosha. Nikaikunja karatasi.

Alhamisi, 25 Februari

Nacheka peke yangu kama mwehu. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilisema: kama ni mguu, basi na upimwe. Hukumu bila kipimo ni umbea. Nikatoa kile kitabu cha gari, kurasa zimekuwa za manjano. Kinasema pedali ya klachi ishuke sentimita kumi na nne kutoka juu hadi chini. Nikachukua futi ya kushonea ya Mzee ukutani, bila ruhusa, naye alikuwa anaoga. Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zangu zote, nikapima.

Kumi na moja.

Tatu zimepungua. Basi Mkubwa alisema kweli, nikajiambia. Basi ndiyo imekwisha.

Lakini mazoea ni dawa. Jaribio moja si jaribio. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia, ule usiolalamika. Kumi na moja! Nikashuka, nikapiga magoti nje ya mlango, nikasukuma pedali kwa mpini wa jembe, uzito wangu wote juu yake. Kumi na moja. Kamili.

Mguu dhaifu na mguu wenye nguvu na mpini wa jembe haviwezi kutoa jibu moja. Kama nguvu zinatofautiana na kipimo hakibadiliki, tatizo si nguvu. Kuna kitu kinaizuia pedali.

Nikainama. Pedali ilikuwa imezama kwenye kitu laini, halafu imegota.

Zulia.

Nimerudi ndani mbio — mbio, na goti hili! — nikafungua daftari hili hili. Jumapili tarehe saba, zulia. Jumanne tarehe tisa, krrr. Nimeliandika kwa mkono wangu na sikuliona. Kimya alilivulia viatu na hakuliona. Shida yote hii ya klachi, na jibu lilikuwa chini ya kisigino changu!

Nikalitoa. Nikapima. Kumi na nne. Nikawasha injini. Ya kwanza: kimya. Kurudi nyuma: kimya. Nikarudia mara kumi, nikalia machozi kidogo kwenye usukani, nikafuta.

Siyo giaboksi. Siyo waya. Siyo mguu! Goti ni bovu, nalijua, lakini linafanya kazi yake.

Kisha nimesikia Mzee anatoka bafuni. Nitamwambiaje? Kitu cha kwanza alichokitengeneza baada ya ugonjwa. Nimelikunja zulia, nimelificha kwenye buti la gari. Futi nimeirudisha ukutani.

Ijumaa, 26 Februari

Gari limepanda mteremko kama zamani. Hendibreki, klachi, ikashika, nikaachia, tukaenda. Hakukuwa na krrr wala harufu ya pasi. Nilitamani gari la mikate liwe nyuma yangu.

Mzee alikuwa akitazama chini.

"Zulia liko wapi?"

"Nimelifua."

Uongo wa wazi! Mimi, niliyewasimamisha watu nje ya darasa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Huko hospitali mtaalamu wa mazoezi kamwambia mkono unahitaji kazi ya kweli, mpira wa kuminya peke yake hautoshi. Akamuuliza kama kuna kitu amekitengeneza siku hizi. Mzee akajinyoosha kwenye kiti. "Zulia la gari." Jinsi alivyolitamka! Dada wa watu akafurahi, akasema Jumanne alete alione.

Mimi nikawa natazama dirishani.

Jumamosi, 27 Februari

Nimekamatwa. Saa tatu asubuhi Mzee kasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mwalimu. Kamba ya nguo iko tupu."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia tuende garini, na achukue futi yake. Sikuhubiri, nilitaka apime mwenyewe. Nikalitoa zulia kwenye buti, nikalitandika, yeye akakandamiza pedali kwa mkono wa kushoto, mimi nikashika futi. Akasoma: kumi na moja. Nikaliondoa. Akakandamiza tena. Akasoma: kumi na nne. Nikamweleza sentimita tatu zina maana gani, viganja na yote. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, najua. Ndiyo ninayoishika nikiogopa.

Akalipapasa zulia ukingoni, pale mishono ilipopinda.

"Nilipima urefu," akasema. "Nikapima upana. Kimo sikupima."

Kisha akacheka! Akacheka mpaka akakohoa. Miaka arobaini, akasema, anapima watu wakiwa wamesimama, siku moja kapewa gari akalipima kama maiti.

Nami nikacheka. Nikamwambia hakuna aliyeliona, hata fundi mwenyewe. Akasema: fundi gani huyo anayevua viatu?

Lakini baada ya hapo kalichukua zulia, kaingia chumba cha cherehani, kafunga mlango. Chakula cha mchana kakila huko huko. Nimesikiza mlangoni. Hakuna sauti. Sijui kile kicheko kilikuwa cha nini.

Jumapili, 28 Februari

Saa tatu na dakika arobaini. Naandika mezani, yeye yuko upande wa pili wa meza hii hii.

Asubuhi kaniita garini. Kashika chaki, futi, na zulia. "Kaa, Mwalimu. Kanyaga." Nikakanyaga. Akainama, huku akishika mlango asianguke, akachora kwa chaki kuzunguka mahali pedali inapotua. Klachi kwanza. Kisha breki, kisha mafuta.

Nikamwambia si lazima, gari liko sawa bila zulia, na mtihani ni leo.

"Mteja akirudisha suruali kwamba inabana, fundi halii. Anapunguza." Akanyoosha mgongo. "Na kisigino chako je? Kitakaa juu ya bati?"

Sasa zulia liko mezani. Alianza na wembe. Sponji ikachanika vibaya, akauweka. Akauendea mkasi mkubwa ukutani. Nikajitolea kukata mimi. Akakataa. Nikajitolea kushika kitambaa. Akanitazama tu.

Kajaribu kwa mkono wa kushoto. Mkasi ule ulitengenezwa kwa mkono wa kulia, unakunja kitambaa, haukati. Kajaribu mara tatu. Akauweka chini, akapumua. Akauchukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama unavyomchukua mtoto kumkalisha, akakiingiza kidole gumba kwenye pete ya mkasi. Vidole vingine vikafuata kimoja kimoja. Cha mwisho kikakataa. Kikakubali.

Naandika kwa sababu nikimtazama ataacha.

Krk.

Kimya kirefu. Kisha tena — krk.

Saa nne kasorobo. Gari la Mkubwa langoni. Kawahi, kama kawaida yake. Honi.

Ningeweza kutoka sasa hivi. Sakafu tupu, pedali kumi na nne, ningepanda mteremko mara tatu nikiimba, na ufunguo ukabaki mfukoni mwangu. Lakini Mzee hajainua kichwa. Jasho limemtoka puani. Mkono wa kulia unatetemeka, unafunguka, unafunga, na mkasi umepita klachi, umeingia kwenye mstari wa breki.

"Mama! Uko tayari?"

"Naja," nimejibu. Sijainuka.

Honi ya pili. Mzee kasema, bila kutoa macho kwenye chaki: "Mwambie fundi bado anapunguza."

Sikumwambia. Honi ya tatu. Apige tu. Mkasi umefika kwenye kona, na kona ndiyo ngumu.